Nakivale: Nani Atasimamia Mtihani wa Mwanafunzi Aliye Mbali na Chuo?

Na Mwandishi Wetu

Kutoka mji wa Mbarara, magharibi mwa Uganda, hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ni mwendo wa takriban kilometa 60. Msafiri hupita katikati ya migomba na malisho ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, kisha huiacha barabara kuu na kushika njia ya kuelekea kwenye ziwa ambalo makazi hayo yamechukua jina lake. Kwa mtu mwenye gari, huo si mwendo wa kutajwa. Lakini kwa mwanafunzi anayetakiwa awe ameketi mbele ya karatasi ya mtihani saa mbili kamili asubuhi, kilometa hizo 60 ni nauli ya teksi na ya bodaboda, ni malazi ya usiku mmoja mjini, ni chakula, na ni siku mbili za kazi zilizopotea.

Zamani tatizo hili lilikuwa la wachache, maana mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa ni mtu anayeishi chuoni. Alilala bwenini, akala bwaloni, na siku ya mtihani ilipowadia alitembea hatua chache tu akaingia ukumbini. Leo mambo yamegeuka. Chuo chaweza kuwa Kampala au Marekani, na mwanafunzi akawa Nakivale, akipokea masomo yake yote kwa njia ya intaneti, aghalabu kwa simu ya mkononi. Masomo yamekwisha kuvuka mipaka. Mtihani ndio uliobaki mpakani.

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo moja: mwanafunzi anayesoma kwa njia ya intaneti, naye anaishi mbali na chuo, asimamiwe na nani na kwa njia gani siku ya mtihani? Swali hili laweza kuonekana dogo, la makarani na wasajili. Lakini kwa mtu wa Nakivale ndilo linaloamua kama miaka yake minne ya kukesha itazaa shahada au itazaa maneno matupu.

MAKAZI YENYE UMRI MKUBWA

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa barani Afrika. Yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakiikimbia nchi yao. Tangu hapo watu wamekuja kwa zamu, kadiri vita vilivyozuka: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Leo makazi hayo yana watu zaidi ya 100,000, katika nchi ambayo imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Kiswahili hakihitaji mkalimani huko, kwani ndiyo lugha ambayo Mkongo wa Kivu humwuzia nayo Mrundi mchele, na Mnyarwanda humwuliza nayo jirani yake habari za asubuhi.

Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mkimbizi nchini Uganda ana haki ya kufanya kazi na ya kwenda atakako ndani ya nchi, kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Katika makazi hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nakivale si mtu aliyefungiwa ndani ya ua wa seng'enge. Kinachomzuia kwenda Mbarara ni mfuko wake, si askari wa mlangoni.

Wanafunzi wa namna hiyo wanaongezeka. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikadiria kwamba ni wakimbizi 3 tu katika kila vijana 100 wa umri wa chuo waliokuwa wakipata elimu ya juu duniani. Likaweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 wawe 15 katika kila 100. Hesabu hiyo haiwezi kutimia kwa kujenga mabweni peke yake. Sehemu kubwa itatimia, ikiwa itatimia, kwa masomo ya mbali.

Wala si mkimbizi peke yake anayehusika. Sera ya Taifa ya Walimu, iliyopitishwa Uganda mwaka 2019, inataka kila mwalimu awe na shahada, hata yule wa shule ya msingi. Mwalimu wa kijijini Isingiro, mwenye cheti tu, mwenye watoto na shamba, hana njia rahisi ya kuliacha darasa lake miaka mitatu akakae chuoni. Naye atasoma kwa mbali, naye atauliza swali lile lile la jirani yake mkimbizi: mtihani nitaufanyia wapi?

KWA NINI MTIHANI USIMAMIWE

Wapo watu wenye moyo mwema wasemao kwamba mkimbizi ahurumiwe. Aachiwe afanye mtihani wake nyumbani, bila msimamizi, maana ana taabu za kutosha. Maneno hayo ni ya upole, lakini tukiyapima vyema tutaona kwamba yanamdhuru yule yule anayehurumiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkimbizi ameacha shamba, ameacha nyumba na mifugo, na mara nyingi hata vyeti vyake vya shule viliteketea au vilibaki nyuma. Shahada ni mali ya namna nyingine. Haichomwi moto pamoja na nyumba, kwa kuwa daftari lake limo chuoni, na mwenyewe huenda nayo popote aendapo. Lakini thamani yake yote imo katika jambo moja tu, nalo ni kwamba mwajiri wa Mbarara, au wa Kampala, au wa Bukavu siku amani itakaporudi, aamini kuwa aliyeandikwa jina katika cheti ndiye aliyejibu maswali. Shaka ikiingia hapo, cheti kinakuwa karatasi.

Mtoto wa waziri akitiliwa shaka cheti chake, ana watu wa kumsemea. Mkimbizi hana. Ndiyo sababu yeye, kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, anauhitaji mtihani usiokuwa na doa. Anachohitaji kupunguziwa ni gharama ya kusimamiwa, maana usimamizi wenyewe ndio unaomlindia cheti.

Na shaka yenyewe imezidi siku hizi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiomba mashine imwandikie insha nzima kwa dakika moja. Kazi ya nyumbani, ambayo vyuo vya mbali viliitegemea sana, haiaminiki tena kama zamani. Mtihani uliosimamiwa umepanda thamani wakati ule ule ambapo wanafunzi wengi zaidi wako mbali na ukumbi.

SI JAMBO JIPYA

Msomaji asidhani kwamba mtihani wa mbali umezaliwa na intaneti. Chuo Kikuu cha London kiliruhusu mwaka 1858 watu wasiosoma katika vyuo vyake kufanya mitihani yake, na mwaka 1865 mitihani hiyo ikafanyika ng'ambo kwa mara ya kwanza, katika kisiwa cha Mauritius. Maswali yalisafiri kwa meli, na majibu yakarudi kwa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafungwa wa vita wa Kiingereza walifanya mitihani ya chuo hicho ndani ya makambi walimofungwa. Mtihani ukaingia hata pale ambapo mtahiniwa hakuruhusiwa kutoka.

Sisi wenyewe wa Afrika Mashariki tumelelewa na utaratibu huo. Kuanzia mwaka 1949 hadi 1963, wanafunzi wa Makerere walioketi katika kumbi za Kampala walikuwa wakipata shahada za London. Mwaka 1991 Makerere yenyewe ikaanzisha masomo ya shahada kwa wanafunzi wa nje ya chuo. Tanzania ikaunda Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kikajenga kazi yake juu ya vituo vya mikoani, ili mwanafunzi asilazimike kwenda Dar es Salaam kila mara. Huko Afrika Kusini, Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) mwaka 1989, naye yu bado kifungoni.

Tukiyatazama mambo hayo yote pamoja tunaona kitu kimoja kinachojirudia. Popote mtihani ulipokwenda, ulitanguliwa na mtu anayeaminika, chumba kilichofungwa na bahasha iliyotiwa lakiri. Hakuna aliyeulizwa kama nyumba yake ina umeme.

NJIA YA KAMERA

Njia iliyoenea sana leo katika vyuo vya Marekani na Ulaya ni ya kamera. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta yake nyumbani, akaonyesha kitambulisho, akaizungusha kamera ili chumba kizima kionekane, kisha mtu aliye mbali humtazama wakati wote wa mtihani. Au asiwepo mtu kabisa, ikawepo programu inayohesabu ni mara ngapi amegeuza macho, na ni sauti gani nyingine imesikika chumbani.

Tumfikirie mwanafunzi wa mfano. Ni mama aliyetoka Kivu, ana watoto wawili, anafundisha darasa la tatu asubuhi na kusoma shahada yake usiku. Nyumba yake ni ya udongo na mabati, vyumba viwili, na kati ya chumba na chumba pana pazia. Kamera inamtaka awe peke yake chumbani kwa saa tatu. Inamtaka awe na mwanga usokoni, na umeme wake ni wa paneli ya jua ambayo siku ya mawingu haijazi betri. Inamtaka awe na kompyuta yenye kamera na kipaza sauti, naye ana simu. Inataka intaneti isiyokatika, nayo hununuliwa kwa vifurushi, na vifurushi huisha. Mvua ikipiga bati, msimamizi wa mbali hasikii kitu ila kishindo. Mtoto akilia nyuma ya pazia, programu huandika kwamba imesikika sauti ya mtu wa pili.

Tena kuna saa. Mtihani uliopangwa saa nane mchana kwa saa za New York huanza Uganda saa tatu usiku, na katika miezi ya baridi ya huko huanza saa nne. Yule mama atamaliza usiku wa manane, na saa moja asubuhi wanafunzi wake wa darasa la tatu wanamngoja.

Zaidi ya hayo, mashine yenyewe ina kasoro. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walizipima programu zilizouzwa madukani za kutambua sura za watu. Wakagundua kwamba programu mojawapo iliwakosea wanawake weusi zaidi ya mara 34 katika kila 100, ilhali kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata mara moja katika 100. Programu hizo zilikuwa zikipimwa kwa kutofautisha wanaume na wanawake, wala hazikuwa za mitihani. Lakini zimetoka katika elimu ile ile, na funzo lake ni wazi: jicho la mashine halimwoni kila mtu kwa usawa. Mwaka 2021 kampuni ya ProctorU ya Marekani, mojawapo ya zile kubwa katika biashara hii, ilitangaza kwamba haitauza tena usimamizi wa programu peke yake bila mtu kuwepo. Na mwezi Agosti 2022 mahakama moja ya huko Ohio iliamua kwamba chuo cha serikali, Cleveland State University, kilivunja haki ya mwanafunzi kilipomtaka aonyeshe chumba chake cha kulala kwa kamera kabla ya mtihani.

Ikiwa Mmarekani aliye na chumba chake peke yake amelalamika mbele ya hakimu, yule mama wa Nakivale aseme nini? Uganda nayo ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019. Picha ya ndani ya nyumba ya mkimbizi, aliyekimbia watu wanaomtafuta, si kitu cha kutupwa ovyo ng'ambo.

Hatimaye iko hatari ya intaneti yenyewe kukatika nchi nzima. Mwezi Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mtihani wa kamera siku hizo hakuwa na la kufanya.

NJIA YA SIMU INAYONGOJA

Pamoja na hayo, si haki kuilaumu teknolojia yote. Afrika Kusini imetengeneza programu iitwayo The Invigilator, ambayo UNISA na vyuo vingine vimeitumia tangu janga la korona. Hii hufanya kazi katika simu ya kawaida ya mkononi. Wakati wa mtihani humtaka mwanafunzi ajipige picha kwa nyakati asizozijua mapema, na hunasa vipande vya sauti, kisha kumbukumbu hizo hupelekwa chuoni.

Aliyeibuni aliijua Afrika. Alitambua kwamba mwanafunzi ana simu wala hana kompyuta, na kwamba kifurushi chake ni kidogo. Lakini nayo haiondoi tatizo la chumba kimoja na watu sita, wala haimzuii mtu mwingine kuketi pembeni akinong'ona. Ni msaada mzuri pale ambapo hakuna njia nyingine.

NJIA YA MTU ANAYEAMINIKA

Njia ya tatu ni kongwe. Chuo cha University of the People, kilichoanzishwa mwaka 2009 nchini Marekani na ambacho hufundisha kwa intaneti bila kutoza karo ya masomo, kina mitihani ambayo lazima isimamiwe. Mwanafunzi huruhusiwa kumpendekeza msimamizi aliye karibu naye, mtu mzima mwenye dhamana, asiye ndugu yake, naye chuo humkubali au humkataa. Aweza kuwa mwalimu, kiongozi wa dini au mtunza maktaba.

Utaratibu huo unamfaa sana mtu wa Nakivale, maana kote katika makazi kuna walimu, wachungaji, masheikh na wafanyakazi wa afya. Hapana haja ya kamera, wala ya kuonyesha kitanda. Udhaifu wake ni kwamba mzigo wote umewekwa juu ya watu wawili. Mwanafunzi ndiye anayemtafuta msimamizi, na huyo msimamizi hana malipo, hana mafunzo, na pengine kesho atakutana na mtahiniwa wake kisimani. Akiwa mkali ataonekana hana utu, na akilegea atakuwa ameharibu cheti cha mwenzake. Mtu mmoja mwaminifu ni kitu chema, lakini haifai utaratibu mzima utegemee moyo wake peke yake.

NJIA YA KUTOFANYA MTIHANI

Wengine wameukwepa mtihani kabisa. Southern New Hampshire University cha Marekani, kilichoanza kufanya kazi na wakimbizi nchini Rwanda katika muongo uliopita, humpima mwanafunzi kwa kazi halisi anazozikamilisha: ripoti, hesabu, mipango. Akishindwa hurudia mpaka atimize kiwango. Katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na ya Dzaleka nchini Malawi, mpango wa Wajesuiti ulioanza mwaka 2010 uliunganisha masomo ya intaneti na kituo cha pamoja, chenye walimu wa kuwasaidia wanafunzi ana kwa ana.

Mbinu hiyo ina hekima, maana kazi ya maisha haifanywi ndani ya saa tatu. Lakini baada ya ujio wa mashine ziandikazo, hata yeye aliyeandika ripoti nzuri hapana budi aulizwe maswali kwa mdomo. Hapo simu ya kawaida inatosha. Mwalimu akimpigia mwanafunzi simu kwa dakika 15, akamwambia aeleze sababu za alichokiandika, atajua upesi kama maneno ni yake. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi haipiti swali la pili.

KITUO KIMOJA NAKIVALE

Baada ya kuzipima njia zote hizo, mwandishi wa makala haya anaona kwamba jibu la Nakivale halina budi kuwa kituo cha mtihani kilichopo Nakivale kwenyewe.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Watahiniwa 20 wakienda Mbarara, ni nauli 20 za kwenda na 20 za kurudi, na malazi ya watu 20. Msimamizi mmoja akitoka Mbarara kwenda Nakivale, ni nauli moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kinachosafiri kiwe ni kile kilicho chepesi, nacho ni bahasha na mtu mmoja.

Mbarara haikosi watu wa kazi hiyo. Mji huo una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, una Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, una walimu waliozoea kusimamia mitihani maisha yao yote. Nakivale nako kuna madarasa ya shule ambayo mwisho wa juma hukaa matupu. Chuo cha Kampala au cha ng'ambo kingeweza kuafikiana na chuo cha Mbarara, kikalipa posho ya msimamizi na ada ya chumba, na vyuo kadhaa vikakitumia kituo kimoja kwa zamu.

Wapo watakaosema kwamba vijijini mitihani huvuja. Hofu hiyo ina msingi, wala isifichwe. Lakini tukumbuke kwamba kila mwaka Baraza la Mitihani la Taifa (UNEB) huwapelekea watoto wa darasa la saba na wa sekondari mitihani yao kote Uganda, pamoja na vijiji vilivyo mbali kuliko Nakivale. Karatasi huhifadhiwa katika vituo vya polisi, hufunguliwa kwa saa maalumu, na wasimamizi hutoka nje ya shule. Panapotokea udanganyifu, matokeo huzuiwa. Utaratibu huo haujakamilika, lakini upo na unafahamika. Kama dola inaweza kumfikishia mtihani mtoto wa miaka 13 mlangoni kwake, haieleweki kwa nini chuo kikuu kishindwe kumfikishia mama yake.

Ili kituo kama hicho kiaminike, yapo mambo machache ya kuzingatiwa.

La kwanza, wasimamizi wawe wawili: mmoja kutoka Mbarara, asiyewajua watahiniwa, na mmoja mwalimu wa hapo, anayewajua kwa sura. Mgeni huzuia upendeleo, na mwenyeji huzuia mtu kufanya mtihani kwa jina la mwenzake. Wote wawili watie sahihi, na wote walipwe.

La pili, jambo la majina lisahihishwe mapema. Mkimbizi huandikishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na jina lake laweza kuandikwa kwa herufi zisizolingana na zile za cheti chake cha zamani, hasa ikiwa cheti ni cha Kifaransa na karani alisikia kwa Kiingereza. Herufi moja ikipishana, msimamizi wa mbali humfungia mtahiniwa mlango. Chuo kikubali kitambulisho cha mkimbizi na hati yake ya kuandikishwa, na tofauti za majina zitatuliwe wakati wa kujiandikisha, wala si asubuhi ya mtihani.

La tatu, kuwe na njia ya akiba. Hata pale mtihani unapofanyiwa katika kompyuta, karatasi zilizotiwa lakiri ziwepo kabatini, ili umeme ukizimika au intaneti ikikatika watahiniwa waendelee kwa kalamu.

La nne, mlango wa kituo uwe wazi kwa wenyeji. Uganda imejiwekea kanuni kwamba misaada inayoletwa kwa ajili ya wakimbizi igawanywe, asilimia 70 kwa wakimbizi na 30 kwa wananchi wanaowazunguka. Mwalimu wa Isingiro anayetafuta shahada aketi dawati moja na Mkongo na Msomali. Kituo kitumiwacho na mwenyeji na mgeni ni vigumu kukifunga, na cheti kilichotoka humo ni vigumu kukidharau.

La tano, wanafunzi wenyewe waulizwe. Asiyekuwepo na lake halipo. Ratiba nyingi za mitihani hupangwa na watu ambao hawajawahi kusoma kwa mwanga wa taa ya jua, wala hawajui ni siku gani ya juma watu wa makazi hupanga foleni ya chakula. Kumwuliza mwanafunzi siku ipi inafaa hakugharimu kitu, na huenda kukaokoa mengi kuliko kununua programu mpya.

DHAMANA YA WOTE

Kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, vyuo vya Uganda vilifungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya korona. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu likaviruhusu, kwa dharura, vifundishe kwa mbali. Wakati huo kila mwanafunzi wa Kampala alionja yale ambayo mwanafunzi wa Nakivale huyala kila siku: simu isiyo na chaji, kifurushi kilichokwisha, na mtihani usiojulikana utafanywa wapi. Dharura ilipopita, wengi walirudi madarasani wakasahau. Wapo waliobaki kule kule.

Hao hawaombi maswali rahisi, wala hawaombi msimamizi afumbe macho. Wanaomba chumba chenye dawati, mtu mwaminifu wa kuketi mbele yao, na bahasha ifunguliwe wakiiona. Siku cheti cha mmoja wao kitakapowekwa juu ya meza ya mwajiri, awepo mtu atakayeweza kusema: nilikuwepo, nilimwona, aliandika mwenyewe. Kwa msimamizi aliyepanda teksi asubuhi Mbarara ili ayaseme maneno hayo, hizo ni kilometa 60 tu.